Linux imegoma kuwaka? Soma kilichoandikwa kwenye skrini kabla hujakubali kufomati

Unabonyeza kitufe cha kuwashia, nembo ya kampuni inatokea kama kawaida, halafu giza. Juu kushoto kuna mstari mmoja wa Kiingereza kisichoeleweka, chini yake maneno `grub rescue>` na kimstari kinachowaka na kuzima. Hakuna picha ya ukutani, hakuna sehemu ya kuweka nywila. Unazima, unawasha tena, kitu kilekile.

Hapo ndipo wengi hubeba mashine kwenda kwa fundi, na jibu la haraka huwa moja: "Tupige Windows upya." Kupiga upya maana yake ni kufomati, na kufomati maana yake ni kwamba picha za familia, ripoti ya kazini na tasnifu ambayo bado hujaipeleka kwa msimamizi vyote vinakwenda.

Nalijua hilo kwa maumivu. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, laptopu yangu iliandika `error: no such partition`. Fundi niliyempelekea akasema diski imekufa, akaifomati. Mahojiano ya sauti niliyoyarekodi kwa miezi miwili yakaenda na maji. Diski hiyohiyo "iliyokufa" niliitumia miaka miwili mingine bila shida yoyote. Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba tatizo lile lilihitaji mistari minne tu ya amri.

Kwa hiyo kabla ya lolote, piga picha ya skrini kwa simu yako. Usitegemee kukumbuka, maana neno moja linabadilisha kila kitu, na kuna jumbe zinazokaa sekunde chache tu kabla mashine haijajizima yenyewe.

Mwenye kuongea ni nani?

Kuwaka kwa kompyuta ni kama mbio za kupokezana kijiti. Inayoanza ni programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe: BIOS kwa mashine za zamani, UEFI kwa za karibuni. Ikishaamsha kibodi, skrini na diski, inakabidhi kijiti kwa GRUB. Hii ndiyo butiloda, programu ndogo ambayo kazi yake ni kuutafuta mfumo na kuuwasha. Ilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, na leo ndiyo utakayoikuta kwenye Ubuntu, Debian, Fedora, Linux Mint na nyingine nyingi.

GRUB inatafuta kerneli, yaani kiini cha Linux, na kuiweka kwenye RAM pamoja na kifurushi cha vifaa vya kuanzia kinachoitwa initramfs. Kerneli ikishika kijiti inafungua patisheni yenye mafaili yako, na safari inaendelea mpaka uone sehemu ya kuingia.

Ujumbe wa ajabu unakwambia kijiti kimeangukia mikononi mwa nani. Ukiona `grub>` au `grub rescue>`, ni GRUB inayoongea. Ukiona `(initramfs)` au `Kernel panic`, basi GRUB ilishamaliza kazi yake na hakuna sababu ya kuigusa. Na ukiona `No bootable device` au `Operating System not found`, GRUB haijapata hata nafasi ya kufungua mdomo.

Angalia pia kwamba kati ya hatua zote hizo, mafaili yako hayajaguswa na mtu. Yapo palepale yalipolala jana. Kilichopotea ni njia ya kuyafikia.

Mashine haioni diski

Ujumbe unaochanganya watu zaidi hapa ni `PXE-E61: Media test failure, check cable`. Mtu akisoma "cable" anafungua laptopu kutafuta waya wa diski. Kumbe waya unaozungumziwa ni wa mtandao! Mashine imekosa mfumo kwenye diski, ikajaribu bahati yake kuwaka kupitia mtandao, na huko nako ikakuta waya haujachomekwa.

Ingia kwenye mipangilio ya BIOS (mara nyingi ni kitufe F2, F10 au Delete mara tu unapowasha) uangalie kama jina la diski linaonekana. Likionekana, tatizo ni mpangilio: rudisha diski au jina la Linux yako juu ya orodha ya kuwasha. Kama halionekani kabisa, diski imelegea kwenye kiti chake au imechoka kweli.

Wenye laptopu za mtumba, sikilizeni hapa. Mashine hizi nyingi zina betri ndogo ya duara, kama ya saa, ambayo kazi yake ni kutunza mipangilio mashine inapokuwa haina umeme. Ikifa, mipangilio inarudi kama ilivyotoka kiwandani: UEFI inageuka Legacy, namna ya kusoma diski inatoka AHCI kwenda RAID, na Linux uliyoiweka mwenyewe haionekani tena. Dalili yake ni saa. Ukikuta BIOS inakwambia leo ni Januari ya mwaka fulani uliopita zamani, badilisha betri hiyo, rudisha mipangilio, na huenda usihitaji kusoma makala hii hadi mwisho.

`grub rescue>`: pale nilipopotezea kazi yangu

GRUB imegawanyika vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kidogo sana na kinakaa mwanzoni mwa diski. Cha pili ni kikubwa na kinakaa ndani ya Linux, kwenye folda `/boot/grub`. Kipande kidogo kimeambiwa mahali pa kumpata mwenzake, mfano "nenda patisheni ya sita". Sasa siku umeingia Windows, ukafuta patisheni moja ili upate nafasi, ile ya sita inakuwa ya tano. Kipande kidogo kinakwenda ya sita, hakikuti kitu, kinaandika `no such partition`. Ni kama mjumbe aliyepewa namba ya nyumba kabla mtaa haujapangwa namba upya. Nyumba ipo, watu wapo, namba tu ndiyo imebadilika.

Dawa ni kukipa namba sahihi. Andika:

`ls`

Itakujibu kitu kama `(hd0) (hd0,msdos1) (hd0,msdos5)`. Kwa diski za mpangilio mpya utaona `gpt` badala ya `msdos`. Diski zinahesabiwa kuanzia 0 lakini patisheni zinaanzia 1. Usiniulize kwa nini, ndivyo waliyoiunda walivyoamua. Chungulia moja baada ya nyingine:

`ls (hd0,msdos5)/`

Patisheni za Windows zitajibu `unknown filesystem`, na hiyo si habari mbaya: kipande kidogo hakibebi uwezo wa kusoma kila aina ya diski. Endelea mpaka uone majina kama `boot`, `home` na `etc`. Hiyo ndiyo Linux yako. Sasa andika, ukiweka namba uliyoipata wewe:

`set root=(hd0,msdos5)`

`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`

`insmod normal`

`normal`

Menyu inarudi. Watumiaji wa Fedora na ndugu zake, folda yenu inaitwa `grub2` badala ya `grub`. Na kama ulitenga patisheni maalumu kwa ajili ya `/boot`, mstari wa pili unakuwa `(hd0,msdos1)/grub` bila neno boot, kwa sababu ndani ya patisheni hiyo folda ya grub ipo juu kabisa.

Ukishaingia kwenye Linux, kazi haijaisha. Ulichofanya ni cha mara moja, ukizima tu kinasahaulika. Fungua teminali, na kwa Ubuntu, Debian au Mint ya mashine ya BIOS andika:

`sudo grub-install /dev/sda`

`sudo update-grub`

Ni `sda`, si `sda5`. Unaiweka kwenye diski nzima, si kwenye patisheni. Kosa hilo la tarakimu moja linarudisha watu mwanzo kila siku. Kama diski yako ni ya NVMe, jina lake ni `/dev/nvme0n1`. Kwenye mashine za UEFI, `sudo grub-install` peke yake inatosha. Fedora ya UEFI isiguswe na amri hii. Huko unasakinisha upya vifurushi vya shim na grub2-efi kwa kutumia `dnf`.

Ukiona `grub>` tupu bila neno rescue, hali ni nafuu zaidi. Vipande vyote viwili vimekutana, kilichokosekana ni faili la menyu. Tafuta patisheni kwa `ls` vilevile, kisha andika `configfile (hd0,gpt2)/boot/grub/grub.cfg` kwa namba yako. Halafu kuna wanaojiletea wenyewe: kwenye Ubuntu ya UEFI unagusa Esc ili upate menyu, lakini ukiibonyeza mara tano kwa pupa unapitiliza mpaka kwenye `grub>`. Hapo hakuna kilichoharibika. Andika `reboot`, na safari hii gusa mara moja.

`symbol 'grub_calloc' not found`: siku dawa ilipoleta ugonjwa

Tarehe 29 Julai 2020, kampuni ya usalama ya Eclypsium ilitangaza tundu ndani ya GRUB iliyoliita BootHole, lenye namba CVE-2020-10713. Mtu mwenye ruhusa kubwa kwenye mashine angeweza kuliandika vibaya faili la menyu na kupenyeza programu yake kabla mfumo haujawaka. Marekebisho yakatolewa mara moja. Siku zilezile mashine zikaanza kugoma kuwaka. Red Hat ilibidi iwaambie wateja wake wasubiri kwanza wasisakinishe, na kwa watumiaji wa Ubuntu na Debian ukazuka ujumbe huo wa `grub_calloc`.

Chanzo ni vilevile vipande viwili. Sasisho liliweka kipande kikubwa kipya ndani ya `/boot/grub`, chenye kutegemea kazi mpya iitwayo `grub_calloc`. Lakini kwenye baadhi ya mashine, kile kidogo cha mwanzoni mwa diski kilibaki cha zamani, na hakijawahi kusikia jina hilo. Kwa nini kilibaki? Kwa sababu mfumo ulikuwa umekumbuka diski isiyo yenyewe. Na hali hiyo hutokea hasa kwa waliohamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda SSD, jambo ambalo nusu ya wenye laptopu za mtumba ninaowafahamu wamelifanya, maana ndiyo njia rahisi ya kuifanya mashine nzee ikimbie.

Tundu la 2020 limepita, ila ugonjwa haujapita. Kila toleo jipya la GRUB linakuja na majina yake, kwa hiyo unaweza kuona `grub_file_filters` au `grub_disk_native_sectors` mahali pa `grub_calloc`. Soma neno `symbol` na maneno `not found`, ukiyaona hayo ugonjwa ni huohuo.

Zile amri nne za juu hazisaidii hapa. Vipande viwili havielewani, hata ukivikutanisha. Unahitaji kuwasha Linux kutoka kwenye flashi, ufungue teminali, kisha:

`sudo mount /dev/sda5 /mnt`

`sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda`

Namba ya patisheni utaipata kwa `lsblk`. Hakikisha flashi imewaka kwa namna ileile ambayo mfumo wako huwaka, yaani kama mashine ipo Legacy basi na flashi iwake Legacy. Mashine ikishawaka kawaida, andika `sudo dpkg-reconfigure grub-pc`, uchague diski sahihi kwa kitufe cha nafasi, ili sasisho lijalo lisikosee tena.

Flashi unaitoa wapi kama kompyuta yenyewe ndiyo imekufa?

Kwenye simu. Programu ya EtchDroid ya Android inaandika faili la Linux kwenye flashi kupitia waya wa OTG, wala huhitaji kuivunja simu ulinzi wake. Shida ni bando: Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, Linux Mint 22 karibu GB 3. Kama unachohitaji ni kuvuka tu GRUB iliyoharibika, tafuta Super Grub2 Disk. Ni ndogo mno, haifiki MB 100. Inapekua diski, inakuorodheshea kila mfumo inaoukuta, unachagua, unaingia, kisha unatengeneza GRUB ukiwa ndani. Ila haina Linux ya kutumia ndani yake, kwa hiyo kunakili mafaili haiwezi.

Ukiwasha flashi ya Ubuntu au Mint, chagua kujaribu, yaani "Try", usichague "Install". Hapo ndipo mikono hutetemeka.

`Something has gone seriously wrong`

Huu ndiyo ujumbe uliowatisha watu wengi miaka ya karibuni, na kwa maneno yake sishangai. Unaandika `Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation`, halafu `Something has gone seriously wrong`, kisha mashine inajizima.

Ulianza baada ya sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024. Ndiyo, Windows. Kwenye mashine zenye ulinzi wa Secure Boot, kabla ya GRUB kuna mlinzi mdogo anayeitwa shim, ambaye ana saini ya Microsoft na ndiye anayeithibitisha GRUB. Ndani ya mashine kuna orodha ya matoleo yasiyoaminika tena, iitwayo SBAT. Sasisho lile liliongeza kwenye orodha matoleo ya GRUB yenye tundu la mwaka 2022, CVE-2022-2601. Microsoft ilisema mashine zenye Windows na Linux pamoja hazitaguswa. Lakini namna ya kuzitambua haikuzinasa zote, na watu wakaamka asubuhi Linux yao imefungiwa nje na jirani yake. Mipangilio hiyo iliondolewa kwenye masasisho ya Septemba 2024, ila mashine iliyokwisha kuandikiwa orodha hubaki nayo, na flashi ya zamani ya Linux nayo inaweza kukataliwa kwa ujumbe uleule.

Suluhisho ni kuzima Secure Boot kwa muda kwenye BIOS. Subiri kwanza! Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48 utakapoingia. Laptopu nyingi mpya zina BitLocker bila mwenyewe kujua. Ufunguo huo mara nyingi upo kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni; upate, uuandike kwenye karatasi, ndipo uguse BIOS. Kutoka kwenye kuikosa Linux hadi kuikosa Windows pia ni hatua moja tu.

Ukishazima, ingia Linux na uandike:

`sudo mokutil --set-sbat-policy delete`

Zima na uwashe, ingia tena Linux ili mabadiliko yashike, na usasishe mfumo wote kwa `sudo apt update` ikifuatiwa na `sudo apt full-upgrade` ili upate shim na GRUB mpya. Baada ya hapo ndipo urudishe Secure Boot. Usiiache imezimwa milele.

Zinazotisha bure

`error: sparse file not allowed` ikifuatiwa na `Press any key to continue` ni kelele tu. GRUB ilitaka kukumbuka chaguo lako la mwisho la menyu, ikakuta diski ya aina ya Btrfs ambayo inaweza kuisoma lakini haiwezi kuiandikia. Sekunde chache mfumo unaendelea. Ikikukera, fungua faili `/etc/default/grub`, weka `GRUB_SAVEDEFAULT=false`, kisha `sudo update-grub`.

Na onyo la `os-prober will not be executed` si kosa. Toleo la GRUB 2.06 la mwaka 2021 liliacha kutafuta mifumo mingine kwa sababu za kiusalama, ndiyo maana baada ya kusasisha watu walikuta Windows haipo kwenye menyu wakadhani imefutika. Ipo. Kwenye faili hilohilo ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, sasisha GRUB, na itarudi kwenye orodha.

GRUB imemaliza, kerneli imeanguka

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Mstari mrefu, ila mara nyingi maana yake ni nyepesi: kile kifurushi cha initramfs hakipo au hakijakamilika, kwa hiyo kerneli haina vifaa vya kufungulia diski. Nini kinasababisha? Ama nafasi ya `/boot` ilijaa wakati wa kusasisha, ama umeme ulikatika na betri ya laptopu ilishachoka zamani. Bando likiisha katikati ya sasisho usihofu, kwa kawaida `apt` inapakua vyote kwanza ndipo inaanza kusakinisha. Umeme ndiyo balaa.

Linux ilikutunzia kerneli ya zamani kwa siku kama hii. Kwenye menyu ya GRUB fungua "Advanced options" uchague toleo la nyuma. Menyu isipotokea, shikilia Shift kwa mashine za BIOS au gusa Esc kwa za UEFI. Ukiingia:

`sudo dpkg --configure -a`

`df -h /boot`

`sudo apt autoremove`

`sudo update-initramfs -u -k all`

`sudo update-grub`

Amri ya pili inakuonesha kama nafasi imejaa, na ya tatu inaondoa kerneli za zamani zilizorundikana. Ukiwasha tena, ile mpya itakuwa na vifaa vyake.

Ukitua kwenye `(initramfs)`, mstari ulio juu yake ndiyo wenye habari. Ukisema `UUID=... does not exist`, kerneli inaitafuta patisheni kwa kitambulisho ambacho haikioni. Andika `blkid`: kama orodha ni tupu, rudi kwenye BIOS uangalie AHCI na ile betri ndogo. Ukisema `requires a manual fsck`, kuna mafaili yaliyovurugika, kwa kawaida baada ya kuzimika ghafla. Dawa ni `fsck -y` ikifuatiwa na jina la patisheni lililotajwa, kisha `reboot`.

Lakini kabla ya `fsck`, soma tena ile picha uliyopiga. Kama popote kuna `I/O error` au `failure reading sector`, simama. Huo ni ugonjwa wa diski yenyewe, na hapa kweli inaweza kuwa inakufa. `fsck` inaandika kwenye diski, na kuiandikia diski inayokufa ni kuiharakisha. Usijaribu kuwasha mara kumi kumi pia, kila jaribio linaila.

Washa kutoka kwenye flashi ya Ubuntu au Mint, chomeka diski ya nje, na ufungue patisheni kwa kusoma tu:

`sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt`

Nakili kwanza usivyoweza kuvipata tena: nyaraka, picha, rekodi za sauti. Nyimbo na filamu baadaye. Kila kitu chako kipo ndani ya `/mnt/home`, kwenye folda yenye jina lako la kuingilia. Faili likikwama kwa dakika nzima, liruke uende linalofuata, utalirudia mwisho. Na kama kuna mtu mwingine atakayeishika mashine hiyo baada yako, bandika karatasi juu ya kifuniko: "Usifomati. Mafaili bado hayajatolewa."